Alice wa Gloucester: Bintimfalme ambaye hakuzaliwa bintimfalme

KATIKA familia ya kifalme ya Uingereza, hakuna aliyekuwa ameishi miaka mingi kumshinda Bintimfalme Alice, Duchess wa Gloucester, alipoaga dunia Oktoba 29, 2004 akiwa na umri wa miaka 102. Hata hivyo, jina hilo alilozikwa nalo hakuzaliwa nalo, wala hakulipata siku ya harusi yake. Alilipata akiwa mjane wa miaka 72, baada ya kumzika mwana na mume.

Alizaliwa jijini London siku ya Krismasi, mwaka wa 1901, akaitwa Lady Alice Montagu Douglas Scott. Hujulikana kama bintiye Duke wa Buccleuch, na ni kweli, ila siku aliyozaliwa baba yake, John, alikuwa bado Earl wa Dalkeith. Alirithi cheo cha Duke mwaka wa 1914, babu yake Alice alipofariki. Ukoo huo wa Scotland ulitokana na Mfalme Charles wa Pili kupitia kwa mwanawe aliyezaliwa nje ya ndoa, Duke wa Monmouth. Hivyo Alice alikuwa na damu ya kifalme, lakini hakuwa na cheo cha kifalme.

Kabla ya kuolewa, aliishi kwa muda nchini Kenya. Mwishoni mwa miaka ya 1920 alifika Rongai, katika Bonde la Ufa, kwa ami yake, Lord Francis Scott, aliyemiliki shamba la Deloraine. Huko alijishughulisha na uchoraji wa mandhari kwa rangi za maji. Eneo hilo lilikuwa sehemu ya ardhi nono iliyotengewa walowezi wa Kizungu, huku Waafrika waliofanya kazi mashambani wakinyimwa haki ya kuimiliki. Ami yake mwenyewe alikuja kuwa kiongozi wa walowezi katika Baraza la Kutunga Sheria, baada ya kifo cha Lord Delamere mwaka wa 1931.

Mnamo Novemba 6, 1935, Alice aliolewa na Mwanamfalme Henry, Duke wa Gloucester, mwana wa tatu wa Mfalme George wa Tano. Harusi ilikuwa imepangwa kufanyika katika Kanisa la Westminster Abbey. Lakini baba yake Alice alifariki mwezi uliotangulia, na sherehe ikahamishiwa kanisa dogo ndani ya Kasri la Buckingham.

Ndoa hiyo ilimpa hadhi ya bintimfalme, lakini kupitia kwa mumewe. Kwa desturi ya Uingereza, mwanamke wa namna hiyo hatajwi kwa jina lake mwenyewe, bali kwa la mume. Kwa hiyo, ingawa sikio la Mswahili litashangaa, cheo chake kilikuwa Bintimfalme Henry. Katika shughuli za kila siku aliitwa Duchess wa Gloucester.

Wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia aliongoza kikosi cha wanawake cha jeshi la angani. Kuanzia 1945 hadi 1947 aliishi Australia, ambako mumewe alikuwa Gavana Mkuu. Ni Duke huyo aliyeukabidhi mji wa Nairobi hati ya kuwa jiji, Machi 30, 1950. Shule ya Upili ya Jamhuri, jijini humo, iliwahi kuitwa kwa jina lake.

Alice alichelewa kupata watoto. William, kifungua mimba, alizaliwa mwaka wa 1941, siku saba kabla ya mamake kutimiza miaka 40. Richard alifuata mwaka wa 1944.

Kwa kuwa William ndiye aliyekuwa mrithi, Richard alisomea usanifu majengo na kutafuta maisha yake. Alimwoa Birgitte van Deurs wa Denmark mnamo Julai 8, 1972. Wiki saba baadaye, Agosti 28, ndege aliyoiendesha William katika mashindano ilianguka, naye akafa. Hakuwa ameoa. Baba yao alikuwa hoi kwa kiharusi, na Juni 10, 1974 naye akafariki.

Richard akawa Duke, na Birgitte akawa Duchess wa Gloucester. Alice alipaswa kuitwa Duchess mjane, jina ambalo hakulitaka. Alimwomba Malkia Elizabeth wa Pili aruhusiwe kuitwa Bintimfalme Alice, Duchess wa Gloucester, naye Malkia akakubali. Jambo kama hilo lilikuwa limefanyika kwa Marina, Duchess wa Kent, mwaka wa 1961. Lakini Marina alizaliwa bintimfalme wa Ugiriki na Denmark. Kwa Alice, hiyo ilikuwa hisani ya Malkia, si haki ya kuzaliwa.

Jina jipya lilizua mkanganyiko. Wakati huo alikuwapo Bintimfalme Alice mwingine, Countess wa Athlone, mjukuu wa Malkia Victoria, aliyezaliwa mwaka wa 1883 na kufariki 1981 akiwa na miaka 97. Yeye pia alikuwa mke wa Gavana Mkuu, Afrika Kusini na baadaye Canada. Wa tatu alikuwa mamake Mwanamfalme Philip, Bintimfalme Alice aliyeolewa Ugiriki na kufariki mwaka wa 1969. Hao wawili walizaliwa na cheo hicho. Alice wa Gloucester hakuzaliwa nacho.

Mwaka wa 1975 akawa mwanamke wa kwanza kutunukiwa daraja la juu kabisa la Nishani ya Bath. Agosti 2003 aliipita rekodi ya umri ya Mama Malkia Elizabeth, aliyefariki mwaka wa 2002 akiwa na miaka 101.

Alifia katika Kasri la Kensington, na kuzikwa Frogmore, Windsor, waliko Henry na William.