Heinrich Pestalozzi, Mkulima Aliyegeuka Kuwa Mwalimu

Wako walimu ambao mshahara wao hauwatoshi. Nao, wakiisha kufunga shule, hushika jembe au cherehani ili watoto wao wapate kula. Tena wako watu waliofanya kazi nyingine miaka mingi, wakaingia darasani mvi zikiwa zimekwisha kuota. Watu huwatilia shaka wote wawili. Kwa hiyo twaona vema kumsimulia msomaji maisha ya Heinrich Pestalozzi wa Uswisi, na ya fundi wa viatu aliyekutana naye.

Pestalozzi alizaliwa mjini Zürich tarehe 12 Januari 1746. Baba yake, aliyekuwa mganga, alifariki mtoto akiwa na miaka 5 tu, akalelewa na mama yake katika uhitaji. Babu yake alikuwa mchungaji wa kijiji cha Höngg, na huko kijana aliuona umaskini wa watu wa mashamba. Akaanza kusomea uchungaji, akauacha. Akashika sheria, akaiacha nayo. Mwisho akaazimia kuwa mkulima.

Mwaka 1769 alimwoa Anna Schulthess, akanunua ardhi karibu na Birr, akajenga nyumba akaiita Neuhof. Lakini ardhi ilikuwa mbaya, na madeni yakazidi. Mwaka 1774 akakusanya watoto maskini nyumbani mwake, wasokote na kufuma pamba, huku wakifundishwa kusoma na kuhesabu. Alitumaini kwamba kazi ya mikono yao itawalisha. Haikuwalisha. Mwaka 1780 nyumba ikafungwa, na mali ya mkewe ilikuwa imepotea karibu yote. Majirani wakamcheka. Tangu hapo akashika kalamu, na kitabu chake cha mwaka 1781, habari za Lienhard na Gertrud, kikampatia sifa nyingi, ila fedha kidogo.

Hata mwezi wa Septemba 1798 majeshi ya Ufaransa yakaipiga nchi ya Nidwalden, wakabaki yatima wengi. Serikali ikamwita Pestalozzi awatunze mjini Stans, naye alikuwa na miaka 52. Mwezi wa Januari 1799 akafungua nyumba. Watoto wakafika kama 80, wengi wao wana upele na chawa. Msaidizi wake alikuwa mtumishi mmoja wa nyumba. Akala nao, akalala kati yao, akawafundisha. Mwezi wa Juni nyumba ikatwaliwa iwe hospitali ya askari, na Pestalozzi akaondoka hali mgonjwa.

Alipopata nafuu akaomba kazi ya kufundisha katika mji wa Burgdorf. Akapelekwa kwa Samuel Dysli, fundi wa viatu aliyekuwa pia mwalimu wa watoto wa maskini. Basi wakawa chumba kimoja: mwalimu aliyeshona viatu, na mkulima aliyetaka kuwa mwalimu. Pestalozzi hakuwakaririsha watoto katekisimo kama ilivyokuwa desturi, bali aliwafundisha kutazama vitu, kuvitaja, kuvihesabu na kuvichora. Fundi akaogopa kunyang'anywa nafasi yake. Wazazi nao wakasema mgeni asiwajaribie watoto wao mambo mapya. Pestalozzi akahamishwa, akapewa watoto wadogo zaidi.

Sisi hatumlaumu fundi yule. Mtu ambaye shule haimshibishi huishika kwa nguvu hata kile kidogo inachompa. Wala Pestalozzi hakuwa mgeni wa hofu hiyo, maana njaa na deni alivijua tangu Neuhof.

Mwaka 1800 wakaguzi walipowapima watoto wake, wakastaajabia maendeleo yao, naye akafungua shule katika ngome ya Burgdorf. Tangu 1805 hata 1825 alikuwa na shule yake mjini Yverdon. Wageni walitoka nchi nyingi kuitazama. Friedrich Fröbel, aliyeanzisha baadaye shule za watoto wachanga, alikaa huko tangu 1808 hata 1810. Lakini walimu wakagombana wao kwa wao, Pestalozzi asiweze kuwapatanisha, na shule ikafungwa. Mzee akarudi Neuhof, akafa mjini Brugg tarehe 17 Februari 1827, akazikwa Birr.

Miaka yake ya shambani wengi waliihesabu kuwa imepotea. Sisi twaona kwamba huko ndiko alikojifunza jinsi mtoto maskini anavyoishi, na alipoingia darasani alikuwa na somo hilo tayari.