Charles Best, laborantini aliyekuwa nyuma ya insulini

Mwenye ugonjwa wa sukari akifika kwenye kituo cha afya hapa Kasindi, anayemshika kidole kwanza si daktari, ni laborantini. Anamtoboa, anachukua tone la damu, anaandika namba kwenye karatasi, basi. Mgonjwa akirudi nyumbani atataja jina la daktari. La yule wa labo mara nyingi hakuliuliza hata.

Insulini yenyewe ilipatikana hivyo hivyo. Jina linalojulikana zaidi ni la daktari Frederick Banting, wa Kanada. Lakini ile miezi ya mwaka 1921, aliyekuwa anapima damu na mkojo usiku na mchana alikuwa kijana wa miaka 22, Charles Herbert Best. Hakuwa daktari bado. Alikuwa ametoka tu kumaliza masomo yake ya kwanza ya chuo kikuu.

Best alizaliwa tarehe 27 Februari 1899 huko West Pembroke, kijiji cha jimbo la Maine, Marekani, karibu kabisa na mpaka wa Kanada. Wazazi wake walikuwa Wakanada. Watu wa Kasindi wanaelewa maisha kama hayo bila kufafanuliwa: unalala upande huu, ndugu wako upande ule, na mpaka ni kitu cha kuvuka tu. Baba yake alikuwa daktari wa vijijini. Shangazi yake Anna, aliyekuwa muuguzi, alikufa kwa ugonjwa wa sukari mbele dawa haijapatikana, kwa hiyo kijana huyu hakujifunza ugonjwa ule kwa vitabu peke yake.

Katika vita ya kwanza ya dunia aliingia jeshi la Kanada na kupelekwa Uingereza, ila vita ikaisha mbele hajafika kwenye mapigano. Akarudi Toronto kuendelea na masomo.

Wakati ule, mtoto akipatwa na sukari, familia ilianza kuhesabu miezi. Dawa haikuwepo. Kitu pekee ambacho madaktari waliweza kufanya ni kumnyima chakula: vyakula kidogo sana vya kila siku, vimepimwa kwa mizani, ili sukari isipande. Mtoto aliishi muda kidogo zaidi, lakini akiwa mifupa mitupu. Wataalamu walikuwa wanajua tayari kwamba shida iko kwenye kongosho, kile kiungo kilicho nyuma ya tumbo la chakula. Mbwa akitolewa kongosho, anapata sukari na kufa. Ina maana ndani ya kongosho mna kitu kinachotawala sukari ya mwili. Wengi walijaribu kukitoa, katika nchi mbalimbali, wakashindwa, juu kongosho pia linatengeneza maji makali ya kuyeyusha chakula, na ilidhaniwa kwamba maji hayo ndiyo yanayokiharibu kile kitu.

Banting, daktari wa upasuaji aliyekosa wagonjwa, akawaza hivi usiku mmoja wa Oktoba 1920: tufunge mirija ya kongosho la mbwa, tungojee wiki kadhaa ile sehemu ya maji makali ikauke, kisha tutoe kinachobaki. Akaenda kumuona profesa John Macleod wa Chuo Kikuu cha Toronto. Macleod hakuvutiwa sana, lakini akampa chumba, mbwa 10, na msaidizi. Profesa alikuwa na wanafunzi wawili wasaidizi, Best na Clark Noble. Inasimuliwa kwamba walirusha sarafu ili kujua nani ataanza, na Best akaanza. Ilitakiwa wapokezane, kila mmoja wakati wake. Ikafika zamu ya Noble, lakini Best alikuwa amekwisha kuizoea kazi, wakaacha hivyo. Noble hakuwahi kuwa maarufu. Sarafu moja tu.

Kazi ilianza Mei 1921, na ilikuwa nguvu. Banting alipasua, Best alipima. Kupima sukari siku hizi ni kamashini kadogo na sekunde chache. Wakati ule ilikuwa kuchukua damu, kuichanganya na dawa, kuichemsha, kisha kulinganisha rangi kwa jicho na kufanya hesabu. Mkojo nao vilevile. Kila mbwa, mara nyingi kwa siku. Ukikosea kidogo, au chupa ikibaki na uchafu, namba inadanganya, na hakuna atakayejua kama mbwa amepata nafuu ama ni kosa la labo. Siku moja Banting alimkemea Best vibaya sana juu ya vyombo vichafu na vipimo visivyoeleweka. Best akakesha usiku ule akisafisha na kupima upya. Tangu hapo waliheshimiana.

Macleod alienda likizo kwao Scotland, akawaacha. Joto lilikuwa kali, vidonda vya mbwa vikaoza, wengi wa wale wa kwanza wakafa. Wakaanza kununua wengine mitaani. Mshahara wa Best katika miezi hiyo haukuwepo. Alilipwa baadaye, profesa aliporudi.

Tarehe 30 Julai walimpiga sindano mbwa aliyeitwa namba 410. Best akapima: sukari ilitoka 200 ikafika 120 kwa saa moja. Kesho yake asubuhi mbwa akafa. Lakini ile namba ilikuwa imeandikwa. Wakarudia kwa mbwa wengine, tena na tena, mpaka wakafika kwa Marjorie, aliyeishi karibu siku 70 bila kongosho. Kumbe hata ile kazi ndefu ya kufunga mirija haikuwa ya lazima: kufika Desemba walikuwa wanachukua makongosho ya ng'ombe kwenye machinjio na kuyatoa dawa kwa spiriti.

Tarehe 11 Januari 1922, katika hospitali kubwa ya Toronto, kijana Leonard Thompson wa miaka 14, mwenye kilo kama 30 tu, akapigwa sindano ya dawa aliyoitengeneza Best. Haikufaulu vizuri. Sukari ilishuka kutoka 440 hadi 320, na mahali pa sindano pakavimba usaha. Dawa ilikuwa chafu. Aliyeisafisha ni mtaalamu mwingine, James Collip, aliyekuwa ameingia kazini Desemba. Tarehe 23 Januari Thompson akapigwa dawa ya Collip, sukari ikatoka 520 ikafika 120. Aliishi miaka 13 zaidi.

Hapa simulizi nyingi zinafungwa, lakini sehemu inayomhusu Best zaidi inaanza. Katika miezi iliyofuata dawa iligoma. Collip mwenyewe, aliyefaulu Januari, akijaribu kutengeneza nyingi kwa mara moja, inatoka maji ambayo hayafanyi kitu. Fikiria mzazi aliyekwisha kuona mtoto wake anapata nguvu, anaambiwa hakuna tena. Banting alikuwa amekata tamaa na kuingia kwenye pombe. Best ndiye aliyemfuata kumrudisha kazini. Kisha huyu kijana akapewa kusimamia utengenezaji kwenye Connaught Laboratories za chuo kikuu. Wakabadilisha njia ya kukausha ile dawa, wakapunguza moto, wakajaribu asetoni. Kufika katikati ya mwaka ikaanza kutoka tena, na kampuni ya Eli Lilly huko Indianapolis nayo ikaanza kutengeneza kwa wingi. Best na Collip walienda huko kuonyesha jinsi inavyofanywa. Haki ya uvumbuzi, Banting, Best na Collip waliiachia chuo kikuu kwa dola 1 kila mmoja.

Oktoba 1923 tuzo ya Nobel ikatangazwa: Banting na Macleod. Banting alikasirika. Akatangaza kwamba nusu ya feza yake ni ya Best, naye Macleod akagawana na Collip. Kusema ukweli, Best hakuonewa na kamati peke yake: hakuna aliyekuwa amependekeza jina lake. Msaidizi wa labo hakuhesabiwa.

Alimaliza udaktari mwaka 1925, akasoma tena London, na mwaka 1929, akiwa na miaka 30, akashika kiti cha profesa kilichoachwa na Macleod. Akafanya kazi kubwa juu ya kolini, na juu ya heparini inayozuia damu kuganda. Banting alikufa kwa ajali ya ndege mwaka 1941. Tangu hapo Best akabaki msimulizi, na wanahistoria wameona kwamba kadiri miaka ilivyopita alipanua nafasi yake na kupunguza ya Collip na Macleod. Ni doa, na si la kuficha. Mtu aliyenyimwa jina akiwa kijana anaweza kuja kunyima wengine akiwa mzee. Lakini namba za daftari la mwaka 1921 hazikubadilika, na zile ni kazi ya mikono yake.

Insulini ya leo haitoki tena kwa ng'ombe. Tangu miaka ya 1980 inatengenezwa kwa bakteria. Shida ya joto ingali ile ile: inataka baridi ya digrii 2 mpaka 8, na katika bonde la Kasindi, tofauti na Butembo kwenye milima, asiye na frigo analazimika kutafuta chungu na maji.

Best alikufa Toronto tarehe 31 Machi 1978, siku chache baada ya mtoto wake Alexander kufariki. Alizikwa kwenye makaburi ya Mount Pleasant, mahali alipozikwa pia Banting.