Taha Hussein: kipofu mwenye alifungulia Misri mlango wa masomo

Leo tunawaletea maisha ya mtu mwenye alikufa zaidi ya miaka 50 iliyopita, lakini katika inchi za Waarabu jina lake lingali linagombanisha watu. Ni Taha Hussein wa Misri: mwandishi, mwalimu wa chuo kikuu, kisha waziri. Wako wenye kumwita baba wa elimu. Wako wenye kusema aliwauzisha Waarabu kwa Wazungu. Tumeona vema kufuata njia yake tangu mwanzo, juu ulizo alilobeba maisha yake yote si la Misri peke yake: mtoto mwenye alilelewa katika mila ya wazee wake, akaenda kusoma kwa Wazungu, anarudi kwao akiwa nani?

Mtoto wa Maghagha

Taha alizaliwa mwezi wa 11 mwaka 1889, katika kijiji kimoja karibu na mji mdogo wa Maghagha, jimbo la Minya, kusini mwa Kairo. Baba yake alikuwa mfanyakazi mdogo wa kampuni ya sukari, na watoto nyumbani walikuwa 13; yeye alikuwa wa 7.

Alipokuwa bado mtoto mdogo kabisa, macho yakaanza kumuuma. Wazazi waliacha siku zipite, kisha wakamwita kinyozi wa kijiji, juu wakati ule kinyozi njo alikuwa pia mganga. Dawa ya kinyozi ikamaliza macho. Kisha dada yake wa miaka 4 akashikwa na homa. Hakuna mtu aliyemwita munganga, akakufa. Mwaka 1902 kipindupindu kikaingia Misri na kumchukua kaka yake wa miaka 18, yule mwenye alikuwa anajitayarisha kuingia masomo ya utabibu. Taha hakusahau vifo hivyo. Alipokuwa mtu mzima aliandika waziwazi kwamba macho yake na uhai wa dada yake vilipotea juu ya ujinga. Tushike neno hilo. Bila hilo hatuwezi kufahamu mambo aliyoyafanya baadaye.

Kwa mtoto kipofu wa kijiji, wakati ule, njia ilikuwa moja: dini. Taha akapelekwa kwenye chuo cha Korani, na kabla ya kutimiza miaka 9 alikuwa anaijua Korani yote kwa moyo. Mtu wa namna hiyo angeweza kuishi kwa kusoma kwenye matanga na sherehe. Baba yake alitaka zaidi: mwaka huohuo wa 1902 akamtuma Kairo, pamoja na kaka yake mwingine, kusomea al-Azhar.

Al-Azhar na nyumba ya pili

Al-Azhar ni msikiti na chuo, wakati ule ilikuwa imekwisha kupita miaka 900. Wanafunzi walikaa chini kwa kuzunguka nguzo, shehe mmoja kwa kila nguzo. Kijana wa Maghagha alifika na moyo wote. Lakini kaka alipokwenda masomoni, yeye alibaki peke yake chumbani saa nyingi, gizani, bila mtu wa kusema naye. Na masomo yenyewe yalianza kumchokesha: kitabu kinaeleza kitabu kingine, nacho kinaeleza kingine tena, na mwanafunzi mwenye kuuliza anaambiwa anyamaze. Alipenda sana sana shehe mmoja mwenye alikuwa anafundisha mashairi ya zamani, na alisikia masomo ya mwisho ya Muhammad Abduh, mwanachuoni mwenye alitaka al-Azhar ijifanye upya. Abduh alikufa mwaka 1905. Wenye kumfuata waliangaliwa kwa jicho baya, na siku ya mtihani mkubwa, Taha aliangushwa.

Kwa bahati, mlango mwingine ulikuwa umefunguka. Mwaka 1908 Kairo ilipata chuo kikuu cha namna mpya, kisicho cha dini. Huko Taha alisikia kwa mara ya kwanza walimu kama Carlo Nallino wa Italia na Enno Littmann wa Ujerumani wanaeleza maandiko ya Waarabu kwa njia ya historia: nani aliandika, mwaka gani, juu ya nini. Mwaka 1914 alikuwa mtu wa kwanza kupata udaktari katika chuo hicho. Alichagua kuandika juu ya Abu al-Ala al-Maarri, mshairi wa Siria wa miaka 900 mbele yake, kipofu kama yeye, na mwenye mashaka mengi. Hapo alikuwa tayari anasema kitu: kuuliza na kuwa na mashaka hakukutoka Ulaya. Waarabu wa zamani walikuwa nako.

Montpellier, Paris, Suzanne

Mwaka uleule chuo kilimtuma Ufaransa. Ndani ya meli alivua kanzu na kilemba cha al-Azhar, akavaa suti. Alifika Montpellier wakati vita kubwa vya kwanza vimeanza. Feza za chuo zikapungua, wanafunzi wakarudishwa nyumbani. Baada ya miezi michache akapata njia ya kurudi, safari hii Paris, kwenye Sorbonne.

Lakini Montpellier ilikuwa imemwachia kitu. Kipofu alihitaji mtu wa kumsomea vitabu vya Kifaransa, akapata msichana mmoja kwa jina Suzanne Bresseau. Waliendelea kusoma pamoja Paris, kisha wakapendana. Jamaa ya msichana ilishtuka: mgeni, Mwislamu, tena kipofu! Mtu mwenye aliwasaidia alikuwa mjomba wa Suzanne, padri Mkatoliki. Alitembea na kijana, akazungumza naye, kisha akakubali. Walioana mwaka 1917. Suzanne alibaki Mkatoliki, Taha akabaki Mwislamu, na nyumba yao ilisimama miaka 56, mpaka kifo. Watoto wawili walizaliwa, Amina na Moenis.

Sorbonne, Taha aliandika kazi ya udaktari juu ya Ibn Khaldun, mwanahistoria mkubwa wa Waarabu wa Afrika ya kaskazini, chini ya uongozi wa Émile Durkheim, mpaka Durkheim alipokufa mwaka 1917. Alisoma Kilatini na historia ya Ugiriki na Roma. Mwaka 1919 akarudi kwao. Inchi ilikuwa inawaka moto: Wamisri walikuwa wanapigania uhuru kutoka mikononi mwa Waingereza. Ulizo la sisi ni akina nani lilikuwa katika kila kinywa.

Kitabu kilichomletea kesi

Mwaka 1926, akiwa mwalimu wa maandiko ya Kiarabu kwenye chuo kikuu, alitoa kitabu kidogo juu ya mashairi ya Waarabu wa kabla ya Uislamu. Mashairi yale yalihesabiwa kuwa mzizi wa lugha yenyewe. Kwayo wanachuoni walieleza hata maneno magumu ya Korani. Taha alisema sehemu kubwa ya mashairi yale ilitungwa baadaye sana, na watu wenye sababu zao: kabila lenye kutaka sifa, watu wa siasa, watoa hadithi. Njiani aligusa pia habari za Ibrahimu na Ismaili, akisema mwenye kuandika historia anahitaji hakikisho lingine zaidi ya kutajwa tu.

Hapo nyumba ikashika moto. Al-Azhar ililia, bunge lililia, magazeti yalilia. Watu walitaka afukuzwe, kitabu kichomwe. Mshtaki wa serikali alimwita na kumuuliza maulizo mengi. Mwezi wa 3 mwaka 1927 akafunga kesi: aliona mwandishi amekosea fasi zingine, lakini alikuwa anafanya kazi ya elimu, hakuwa na nia ya kutukana dini. Kitabu kiliondolewa, kikatoka tena na jina lingine, bila kurasa zile zilizochoma watu. Kumbe mashaka hayo juu ya mashairi yale, David Margoliouth wa Uingereza alikuwa amekwisha kuyaandika pia. Ndiyo maana wengi walisema Taha ni kasuku wa Wazungu. Wanachuoni wengi wa leo wanaona alizidisha. Lakini njia yake ya kupima maandiko ya wazee ilibaki.

Katika siku zilezile za matata njo alianza kutoa kazi yenye kupendwa kuliko zote, al-Ayyam, maana yake Siku. Anasimulia utoto wake, lakini hasemi mimi. Anasema yule mtoto, yule kijana. Kwa Kifaransa iliitwa Le Livre des jours, na André Gide aliiandikia dibaji. Watu waliokuwa wanamwita mgeni katika inchi yake waliona namna gani anajua harufu ya kijiji, sauti ya mfereji, ukali wa shehe. Na vyote vilikuwa katika Kiarabu safi, chenye mwendo kama wa kusomwa kwa sauti, juu Taha hakuandika kwa mkono: kila neno alilisema, mwingine akaandika.

Mwaka 1932 serikali ya Ismail Sidqi ilitaka chuo kitoe udaktari wa heshima kwa wanasiasa fulani. Taha, mkubwa wa kitivo, alikataa. Akaondolewa kazini. Mkuu wa chuo, Ahmad Lutfi al-Sayyid, akajiuzulu juu ya jambo hilo. Taha alirudi baada ya miaka 2.

Misri iangalie wapi?

Mwaka 1938, miaka 2 baada ya Misri kufanya mapatano na Uingereza, Taha alitoa kitabu juu ya wakati ujao wa utamaduni wa Misri. Hapo alisema neno ambalo maadui zake hawakumsamehe: kwa akili yake, Misri si ya Mashariki. Tangu Mafarao imekuwa ya bahari ya kati, jirani wa Ugiriki. Uislamu haukuigeuza kuwa Mashariki, sawa vile ukristo, wenye ulitoka Mashariki, haukuigeuza Ulaya. Basi Wamisri washike elimu ya Ulaya bila haya, ni mali yao pia.

Wengi walimjibu. Sayyid Qutb, wakati ule kijana mwandishi katika mambo ya elimu, alisema Korani njo ilijenga akili ya Mmisri, na haifananishwi na Injili kwa mtu wa Ulaya. Wengine waliuliza Waarabu jirani wanabaki wapi katika hesabu hiyo. Sisi tunaongeza ulizo letu. Mto Nili unapata maji yake Ethiopia na kwenye maziwa makubwa, na maji ya Semliki yetu pia yanaingia humo. Taha alitazama kaskazini; upande wa kusini, unakotoka mto wenyewe, haukupata fasi kubwa katika hoja yake. Hilo ni pengo, na tunaliona vizuri sisi tunaokaa huku juu.

Lakini wenye kusoma kitabu kile mpaka mwisho wanaona kwamba kurasa nyingi si za Ulaya. Ni za shule: walimu walipwe namna gani, mtoto wa masikini aingie namna gani, Kiarabu kifundishwe vipi kusudi kisichukiwe. Na juu ya Kiarabu Taha alikuwa mkali. Alikataa vitabu viandikwe katika lugha ya mtaani. Alitaka lugha ya maandiko irahisishwe, ibaki ya Waarabu wote, na isiwe mali ya watu wa dini peke yao, kwani Mkristo wa Misri naye ni mwenye lugha ile.

Masomo kama maji na hewa

Kuanzia mwaka 1942 Taha alikuwa mshauri wa wizara ya elimu, na ndipo masomo ya msingi yalifanywa bure. Wakati uleule alifungua chuo kikuu cha Alexandria, akawa mkuu wake wa kwanza. Mwezi wa 1 mwaka 1950 akawa waziri wa elimu katika serikali ya chama cha Wafd, na sasa akafanya bure pia masomo ya sekondari na ya ufundi. Alikuwa na mfano wake ambao Wamisri wanaukumbuka mpaka leo: masomo ni kama maji na hewa, haki ya kila mtu. Wakubwa walisema madarasa yatajaa, walimu watakosekana, hali ya masomo itaanguka. Sisi wenye tuliona masomo ya msingi yanatangazwa bure hapa kwetu mwaka 2019, tunajua kwamba woga huo si maneno ya bure. Taha alijua pia. Lakini kwake, kumfungia mtoto mlango mpaka madarasa yatoshe, ni kumwacha mikononi mwa kinyozi.

Serikali ile ilianguka mwanzo wa mwaka 1952, na Taha hakurudi tena kwenye uwaziri. Aliendelea kuandika, na tangu mwaka 1963 aliongoza baraza la lugha ya Kiarabu la Kairo. Alikufa tarehe 28 mwezi wa 10 mwaka 1973, siku chache tu baada ya mizinga ya vita vya Oktoba kunyamaza. Mwaka uleule Umoja wa Mataifa ulimhesabu kati ya watu wa kupewa zawadi yake ya haki za binadamu.

Aliuza watu wake? Mtu mwenye kuuza anapeleka mali ngambo. Taha alikwenda ngambo, akachukua alichopata, akakirudisha nyumbani katika lugha ya mama yake, kisha akafungua mlango kusudi watoto wa Maghagha waingie bila kulipa. Hoja zake zingine zinaweza kuanguka, na wengi wamekwisha kuziangusha. Lakini wengi kati ya wale wenye kuziangusha walijua kusoma juu ya shule alizofungua.