Hersch Lauterpacht: alinyimwa mtihani, akafa akiwa jaji wa dunia

Kila kijana wetu anaponiambia kuwa sheria za kimataifa si masomo ya watu kama sisi, mimi humtajia Hersch Lauterpacht.

Alizaliwa mwaka 1897 Żółkiew, mji mdogo ambao leo uko Ukraine. Alisomea sheria Lemberg, lakini alizuiwa kufanya mtihani wa mwisho kwa kuwa alikuwa Myahudi. Akaenda Vienna, akapata udaktari wa sheria. Mwaka 1923 alihamia London, Kiingereza chake kikiwa bado cha kubabaisha. Huko mwalimu wake, Arnold McNair, alimshika mkono. Kufikia 1938 alikuwa profesa wa sheria za kimataifa Cambridge.

Vita vilipokuja, Wanazi waliwaua wazazi wake na karibu jamaa wote waliobaki kwao. Mwaka 1945 alitoa kitabu akitaka sheria ya kimataifa imlinde binadamu hata dhidi ya serikali yake mwenyewe. Kisha akasaidia kuandika hotuba za mwendesha mashtaka wa Uingereza katika kesi ya Nuremberg. Alifariki mwaka 1960 akiwa jaji wa Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague.

Kwa maoni yangu, akili alikuwa nayo tangu Lemberg. Alichokosa ni nafasi. Katiba yetu ya 2010 imeifanya sheria ya kimataifa kuwa sehemu ya sheria za Kenya. Vijana, ombeni ufadhili. Wazee wenye uwezo, washikeni mkono. Haki isiyo na msomi wake hutetewa na nani?