Mwalimu Nyerere na mashine: Mtu kwanza, kompyuta baadaye

Unaisoma habari hii kwenye simu, lakini kuna wakati Tanzania ilipiga marufuku kompyuta. Ndiyo, marufuku. Mwaka 1974 serikali ilizuia kuingiza nchini kompyuta na televisheni. Rais alikuwa mtoto wa Mara, Mwalimu Julius Nyerere.

Leo kila mtu anazungumzia akili mnemba viwandani: itatusaidia au itatunyang'anya kazi? Mwalimu alifariki kabla haijafika huku, lakini swali hilo alikabiliana nalo maisha yake yote ya uongozi.

Alikotoka

Alizaliwa 13 Aprili 1922 Butiama, mtoto wa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki, majirani wa Wakurya wa Tarime na makabila ya Serengeti. Alianza shule Mwisenge, Musoma, akiwa na miaka 12. Baadaye Tabora, Makerere, kisha Edinburgh. Mwaka 1954 alikuwa kiongozi wa TANU, na 1961 Tanganyika ikawa huru.

Plau kabla ya trekta

Miaka ya mwanzo ya uhuru, serikali ilipeleka matrekta kwenye vijiji vya mfano. Ikawa hasara. Mafuta ghali, vipuri hakuna, mafundi wachache. Mwalimu akabadili mawazo: anayelima kwa jembe la mkono aende kwanza kwenye plau la ng'ombe. Mkulima wa Tarime au Mugumu alimwelewa haraka, maana plau analijua, na likivunjika fundi yupo jirani.

Hakuchukia mashine. Hoja yake ilikuwa kwamba chombo kimfae anayekitumia, na aweze kukimudu mwenyewe.

Kompyuta ya Hazina

Hazina ilikuwa imeanza kutumia kompyuta miaka ya 60. Hesabu za serikali zikavurugika, ikabidi kurudi kwenye kazi ya mikono. Halafu bei ya mafuta ikapanda 1973 na fedha za kigeni zikaadimika. Marufuku ikafuata.

Iliokoa fedha, lakini ilikuwa na gharama. Vijana wa Kitanzania walichelewa kujifunza teknolojia ambayo dunia nzima ilikuwa inaikimbilia. Televisheni nayo, Tanzania Bara ilisubiri hadi 1994 kupata kituo chake.

Viwandani, nani asikilizwe?

Hapa ndipo alipobanwa zaidi. Mwaka 1970 alitoa waraka wa kuunda mabaraza ya wafanyakazi kwenye mashirika ya umma. Mwaka uliofuata TANU ikatoa Mwongozo, uliokataza viongozi kuwa na ubwana kwa walio chini yao.

Wafanyakazi wakauchukua kwa uzito kweli. Wakagoma, na sehemu nyingine wakawafungia mameneja nje ya geti. Serikali ikawazima, baadhi wakafukuzwa, wengine wakakamatwa. Yaani aliyesema mtu awe mbele alishindwa kumvumilia mtu huyo alipoanza kudai. Doa hilo lipo, na wanaomsifu hulipita haraka.

Tarime na Serengeti leo

Aling'atuka urais 1985, akarudi Butiama kulima. Alifariki London 14 Oktoba 1999, akazikwa nyumbani.

Kuhusu madini anakumbukwa kwa msimamo kwamba ni heri yabaki ardhini mpaka Watanzania waweze kuyachimba wenyewe. Miaka michache baada ya kifo chake, mgodi wa North Mara ulianza uzalishaji kule Nyamongo, Tarime. Hadi leo vijana wa vijiji jirani wanauliza ajira ziko wapi, na kila mashine mpya inaongeza uzito wa swali hilo.

Upande wa Serengeti, kwenye Pori la Akiba la Grumeti, zilijaribiwa kamera zenye akili mnemba za kunasa majangili. Kamera inatofautisha mtu na mnyama, kisha inatuma picha. Anayeamua cha kufanya ni askari wa wanyamapori. Hapo mashine inaongeza macho ya mtu, haimfukuzi kazini.

Marufuku ya 1974 imeshapita, na hakuna anayetaka irudi. Kilichobaki kutoka kwa Mwalimu ni maswali matatu ya kumuuliza kila anayeleta mashine mpya kiwandani au mgodini: nani atafundishwa kuitumia, nani ataitengeneza ikiharibika, na wafanyakazi waliulizwa lini?