Tom Mboya, Bwana Afya wa Nairobi

Kabla ya uwaziri, hayati Tom Mboya alikuwa bwana afya. Kazi hiyo aliisomea Kabete, magharibi ya Nairobi, na mwaka 1951 Baraza la Jiji likamwajiri. Nyumba nyingi za Waafrika mjini zilipimwa kwa kitanda cha kapera. Mke na watoto wabaki mashamba. Mboya akajua kwamba nyumba bila ujira wa kulea jamaa haimfai mtu. Akaongoza chama cha wafanyakazi wa Baraza, na mwaka 1955 akawasemea makuli wa Mombasa hadi wakaongezwa mishahara. Akiwa waziri wa mipango ya uchumi, Serikali iliunda Shirika la Nyumba la Taifa mwaka 1967. Aliuawa katikati ya jiji tarehe 5 Julai 1969, na wasio na makazi wangali wengi.