Carothers: Alitupa nailoni, hakuiona ikipendwa

Ulipopiga mswaki asubuhi, ulijiuliza zile nywele zake zimetoka wapi? Huwa ni nailoni, mara nyingi. Begi lako la mgongoni je? Huenda ni nailoni pia. Basi tulia nikusimulie kumhusu jamaa aliyeianzisha.

Wallace Carothers alizaliwa 1896 katika jimbo la Iowa, Marekani. Alikuwa mwanakemia mpole, asiyependa kuzungumza mbele ya watu. Alifunza chuoni Harvard, kisha 1928 akajiunga na kampuni ya DuPont, Wilmington, kuongoza utafiti.

Alitaka kuunga molekuli ndogo ndogo, kama shanga, hadi apate mnyororo mrefu ajabu. Mwaka wa 1930 mwenzake, Julian Hill, alichovya kijiti cha kioo ndani ya polista iliyoyeyushwa, akavuta, na uzi ukatoka! Shida ni kwamba uliyeyuka kwa joto dogo tu. Pasi ingeumaliza.

Hawakukata tamaa. Februari 28, 1935, kikosi chake kilipata nailoni, inayoyeyuka kwenye nyuzijoto 260 hivi.

Umewahi kuona tambi zikikamuliwa kwa mashine? Uzi wa nailoni hutengenezwa karibu hivyo. Nailoni huyeyushwa, ikasukumwa kupitia bamba lenye vitundu vidogo sana, na hewa baridi ikagandisha nyuzi zinazotoka. Kisha nyuzi huvutwa hadi zirefuke mara nne hivi. Hapo ndipo molekuli hujipanga upande mmoja na uzi ukapata nguvu zake.

Sasa ungedhani Carothers alikuwa akisherehekea, si ndiyo? Wapi! Sonona ilimwandama kwa miaka mingi. Hata alipochaguliwa 1936 kujiunga na akademia ya kitaifa ya sayansi, bado alijiona ameshindwa. Januari 1937 dadake, Isobel, alifariki. Aprili 29, siku mbili tu baada ya kutimiza miaka 41, Carothers alijitoa uhai. Binti yake alizaliwa Novemba mwaka huo.

Mei 1940, soksi za nailoni zilipoanza kuuzwa kote Marekani, wanawake walizigombania madukani. Yeye hakuwepo.

Kwa hivyo rafiki yako anayepasi kila mtihani, usidhani yuko sawa tu. Mpigie simu leo. Na kama ni wewe unayelemewa, usinyamaze. Ongea na mtu.